Sura ya Sita: Picha Safi, Goti Bovu

Mwaka 1879, mjini Paris, daktari wa upasuaji Paul Segond alikuwa akiyazungusha magoti ya maiti ili aone yanaumia vipi. Alipolikaza goti kwa nguvu na kuuzungusha mguu kuelekea ndani, kipande kidogo cha mfupa kilibanduka kwenye ukingo wa nje wa muundi, chini kidogo ya kiungo, kikiwa kimevutwa na utepe mweupe wa nyuzi. Segond hakuwa na njia ya kukiona kipande hicho ndani ya mtu aliye hai. Miali ya eksirei ilikuwa bado haijulikani. Wilhelm Röntgen aliigundua miaka 16 baadaye, mwaka 1895, huko Würzburg, Ujerumani.

Leo kipande cha Segond kinaonekana kwenye eksirei ya kawaida, ya hospitali yoyote ya wilaya. Ni kijisahani chembamba cha mfupa, mara nyingi hakizidi sentimita moja kwa urefu. Asiyekijua atasema kimfupa kimebanduka, kitashika chenyewe, na atamrudisha kijana nyumbani na bendeji. Anayekijua atashtuka. Katika magoti mengi yenye alama hiyo, robo tatu au zaidi, ligamenti ya ndani ya goti, ile ambayo watangazaji wa mpira huiita ACL, imekatika, na mara nyingi meniski, mto wa gegedu ulio ndani ya goti, nayo imechanika. Filamu ni ileile na kipande ni kilekile, lakini kijana mmoja anapelekwa kwa daktari bingwa wa mifupa na mwingine anarudishwa uwanjani.

Dai langu katika sura hii ni hilo. Goti la kijana mwanamichezo halitambuliwi na mashine peke yake. Linatambuliwa na daktari aliyesikiliza habari ya kuumia, akaligusa goti, akajua anatafuta nini, ndipo akaagiza picha inayoweza kumjibu. Majeraha ninayoyaeleza hapa si ya kila siku. Ndiyo maana yanapita chini ya macho ya watu wema na wenye bidii.

Tuanze na sababu ya goti la kijana kuumia tofauti na la baba yake. Mifupa mirefu hurefuka kutoka kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake, gegedu la ukuaji. La chini ya mfupa wa paja, sentimita chache juu ya goti, hutoa takribani asilimia 70 ya urefu wa mfupa huo, karibu sentimita moja kila mwaka. La juu ya muundi hutoa karibu milimita 6 kwa mwaka. Gegedu hili ni laini, ilhali kano na ligamenti za mtoto wa miaka 12 tayari ni ngumu. Fikiria kamba imara iliyofungwa kwenye kigingi kilichopigwa katika udongo mbichi: ng'ombe akivuta, kamba haikatiki, kigingi ndicho kinachong'oka. Pale ambapo mtu mzima angekata ligamenti au kano, kijana hung'oa mahali iliposhikilia.

Eksirei, kwa bahati mbaya, haioni gegedu. Inaona chokaa iliyo ndani ya mfupa. Gegedu la ukuaji huonekana kwenye filamu kama mwanya mweusi kati ya vipande viwili vya mfupa. Mwanya huo ni wa kawaida kwa kila mtoto. Ukitanuka kwa milimita mbili, aliyezoea kusoma picha za watu wazima hawezi kujua. Mwaka 1963, huko Toronto, Robert Salter na Robert Harris waliyagawa majeraha ya eneo hili katika aina tano, na mgawanyo wao unatumika hadi leo. Aina ya kwanza ndiyo inayotuhusu zaidi: mpasuko unapita ndani ya gegedu tupu bila kugusa mfupa. Ncha zikirudi mahali pake zenyewe, filamu hutoka safi kabisa. Mtoto analia ukibonyeza mfupa juu kidogo ya goti, na karatasi ya majibu inasema hakuna tatizo.

Katika hali hiyo niko upande wa kidole. Mtoto akiumia palepale penye gegedu la ukuaji, atibiwe kama aliyevunjika mpaka ithibitike vinginevyo: afungwe bendeji ngumu au plasta, asiukanyagie mguu, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, wakati mfupa mpya wa kuunga umeanza kuonekana, au apelekwe kwenye MRI pale inapopatikana. Gegedu la chini ya paja likijeruhiwa, ukuaji kuvurugika si jambo la ajabu. Upande mmoja unaweza kufunga mapema na mguu ukapinda, au gegedu lote likafa na mguu ukabaki mfupi. Kwa mtoto wa miaka 10 hizo ni sentimita kadhaa kabla hajamaliza kukua, ndiyo maana hufuatiliwa kwa picha hata baada ya maumivu kwisha.

Lipo jeraha moja ambalo ningependa kila mwalimu wa michezo wa shule ya msingi alifahamu. Huwapata hasa watoto wa miaka 8 hadi 12. Mtoto anaruka, au anaanza mbio kwa kishindo, goti likiwa limepinda. Msuli wa mbele wa paja unakaza ghafla, na yeye anahisi kitu kimeachia. Anaanguka. Goti linavimba ndani ya saa chache. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya chini ya pia ya goti imeng'oka. Kwa kuwa sehemu hiyo kwa umri huu bado ni gegedu kwa kiasi kikubwa, kinachong'oka ni kofia nzima ya gegedu, pamoja na utando wa mfupa na sehemu ya uso laini wa kiungo, ikiwa imebeba chembe ndogo tu ya mfupa halisi. Houghton na Ackroyd walilieleza jeraha hili katika maandishi ya kitabibu mwaka 1979, wakilifananisha na mkono wa nguo uliovuliwa.

Kwenye eksirei utaona nini? Chembe ya mfupa chini ya pia, wakati mwingine hata hiyo haipo. Ukiitazama chembe hiyo peke yake utasema ni jambo dogo, na utakuwa umepitwa na jeraha kubwa kuliko mengi ya utotoni. Dalili zake ziko kando ya chembe. Pia ya goti imepanda juu kuliko ya mguu wa pili. Chini yake kidole kinaingia kwenye shimo. Mtoto aliyelala chali hawezi kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Hiyo ya mwisho haihitaji mashine wala umeme. Inaweza kupimwa pembeni ya uwanja na mtu yeyote. Maumivu peke yake huweza kumzuia mtoto, ni kweli, lakini aliyeshindwa kunyanyua mguu baada ya kuruka asilale nyumbani akisubiri uvimbe ushuke.

Hapa ndipo altrasaundi inapostahili heshima kuliko inayopewa. Wengi wetu tunaijua kama kipimo cha wajawazito. Lakini mawimbi yake huonyesha vizuri sana kano, maji na gegedu lisilo na chokaa, na kwa kuwa kofia ile iko karibu na ngozi, mpimaji mwenye ujuzi ataiona imeachana na pia na kano yake ikining'inia. Mashine ya altrasaundi imefika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ambako MRI haijafika. Anachohitaji daktari ni kuandika ombi lililo wazi: tazama sehemu ya chini ya pia ya goti, linganisha na goti la pili. Kulinganisha na goti zima ni sehemu ya kipimo. Jeraha hili lisiporekebishwa, kofia ile hugeuka mfupa ikiwa mahali pabaya, pia ya goti hurefuka, na kijana hubaki na goti lisilonyooka kwa nguvu zake mwenyewe.

Mahali hapohapo, chini ya pia, pana ugonjwa mwingine unaotoa picha inayofanana: ule wa Sinding-Larsen na Johansson, wa vijana wanaoruka sana, ambao kano huvutavuta mfupa laini kwa wiki na miezi. Chembe za mfupa huonekana vilevile. Kinachotenganisha hali hizi mbili ni historia. Mmoja alianza kulalamika tangu muhula uliopita na anaunyanyua mguu wake. Mwingine aliumia leo saa nne asubuhi na haunyanyui. Msoma picha asiyeandikiwa historia hiyo anabahatisha, na si kosa lake.

Chini zaidi, kwenye kinundu cha mbele ya muundi, wavulana wengi wa miaka 12 hadi 15 huwa na uvimbe unaouma wakipiga magoti. Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zürich waliueleza kila mmoja kwa upande wake mwaka 1903. Huo ni wa kawaida na huisha ukuaji unapokoma. Usio wa kawaida ni kinundu hicho kung'oka chote kwa mara moja, mara nyingi katika kuruka kwenye mpira wa kikapu, wakati mwingine mpasuko ukipanda hadi ndani ya kiungo. Eksirei ya ubavuni inatosha kuutambua. Kipimo cha CT kinaonyesha umefika wapi. Hatari iliyojificha ni mishipa midogo ya damu iliyo jirani, ambayo ikichanika hujaza damu kwenye misuli ya mbele ya mguu. Maumivu yakizidi kila saa na mgonjwa akilia kidole gumba cha mguu kikinyooshwa au kukunjwa, hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Mtoto aliyeanguka na baiskeli na goti likajaa naye asipuuzwe. Katika umri wa miaka 8 hadi 14 mara nyingi ACL haikatiki. Inang'oa kichongo cha mfupa ilikojishikiza katikati ya muundi. Hapa kuna ufundi mmoja usiogharimu chochote. Mgonjwa akilazwa chali na miali ikapitishwa kwa mlalo kutoka ubavuni, filamu huonyesha mstari mnyoofu ndani ya goti: mafuta yakielea juu ya damu. Mafuta hayo yametoka ndani ya mfupa. Mstari ukionekana, jua mfupa umevunjika ndani ya kiungo hata kama hujauona ufa wenyewe, na utafute.

Sasa MRI. Haina miali ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kusikiliza haidrojeni iliyo kwenye maji na mafuta ya mwili. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003 kwa kazi iliyoiwezesha. Kwa goti la kijana faida yake ni kubwa: huona gegedu, ligamenti, meniski na hata mchubuko ulio ndani ya mfupa. Msichana wa netiboli anasema goti lilimtoka kisha likarudi lenyewe. Eksirei haina kitu. MRI inaonyesha mchubuko upande wa ndani wa pia na mwingine upande wa nje wa mfupa wa paja. Alama mbili hizo kwa pamoja zinasimulia tukio zima: pia iliteguka kwenda nje, ikajigonga ikirudi. Zaidi ya hayo inaonyesha kama kipande cha gegedu kilibanduka na sasa kinaelea ndani ya goti, jambo ambalo hubadilisha matibabu.

Ugonjwa mwingine unaoihitaji ni ule ambao Franz König, Mjerumani, aliupa jina osteokondritisi disekansi mwaka 1887 akidhani ni uvimbe wa ndani ya mfupa. Utafiti wa baadaye haukuupata uvimbe huo, ila jina lilibaki. Kipande cha mfupa chini ya gegedu, mara nyingi upande wa ndani wa ncha ya paja, hudhoofika taratibu na huweza kuachana na mfupa mama. Kijana huja na maumivu yasiyoelezeka na goti linalovimba baada ya mechi. Eksirei ya mbele na ya ubavuni inaweza kuukosa. Ikipigwa goti likiwa limekunjwa, doa hujitokeza. Kisha MRI hujibu swali la pili: kipande kimeshika au kimelegea? Mstari wa maji nyuma ya kipande ni dalili mbaya kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto dalili hiyo peke yake haitoshi kumpeleka chumba cha upasuaji. Watoto wengi ambao gegedu lao la ukuaji bado liko wazi na kipande kimeshika hupona kwa kuacha michezo miezi kadhaa. Ni miezi migumu kwa kijana, na mzazi anatakiwa kusimama imara.

MRI pia huona kupita kiasi. Gegedu la ukuaji linapoanza kufunga, huweza kutokea doa lenye kung'aa katikati yake, likaonekana kama jeraha. Nyuma ya mfupa wa paja, mahali msuli unapojishikiza, uso wa mfupa huweza kuwa na mikwaruzo inayomtia hofu asiyeijua. Kuna vijana waliokatwa kipande cha mfupa kwa uchunguzi wa saratani kwa sababu ya kitu kisicho na madhara. Hata pia ya goti huweza kukua ikiwa vipande viwili, kile kidogo kikiwa juu upande wa nje, kingo zake zikiwa laini na za mviringo. Huko si kuvunjika.

Kosa zito kuliko yote, kwa maoni yangu, hufanyika kabla ya mashine kuwashwa: kupiga picha mahali pasipo na ugonjwa. Kijana wa miaka 12 au 13, mara nyingi mnene kidogo, anachechemea na kushika goti. Eksirei ya goti safi. Ya pili safi. Miezi inapita. Shida iko kwenye nyonga, ambako kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kutoka kwenye gegedu lake la ukuaji, na neva zinazohudumia nyonga na goti kwa pamoja zinapeleka maumivu chini. Mlaze kijana, kunja nyonga yake: mguu unajigeuza nje wenyewe, na kuuzungusha ndani kunauma. Piga picha ya nyonga zote mbili, ya mbele na ile ya miguu iliyotanuliwa. Kila wiki inayopita kichwa kinaweza kuteleza zaidi, na mfupa kukosa damu.

Halafu kuna lile ambalo hakuna anayetaka kulitaja. Terry Fox alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada. Novemba 1976 gari lake liligonga lori dogo, goti la kulia likaumia kidogo. Desemba maumivu yalirudi. Aliyavumilia mpaka msimu wa mashindano uishe. Machi 1977 alipofika hospitali ilikuwa osteosakoma, saratani ya mfupa, na mguu ulikatwa juu ya goti akiwa na miaka 18. Miaka mitatu baadaye alikimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, hadi ugonjwa ulipofika mapafuni. Alifariki Juni 1981.

Saratani hiyo hupenda umri wa kurefuka na hupenda mifupa inayozunguka goti. Mchezaji daima ana pigo la kulilaumu, na pigo hilo hufunika ugonjwa. Maumivu ya jeraha hupungua mtu akipumzika. Maumivu yanayomwamsha kijana usiku, yanayoongezeka wiki hadi wiki, au uvimbe mgumu juu ya goti, yanadai eksirei siku hiyohiyo. Eksirei tu, ile ya bei nafuu, kwa kawaida inatosha kuibua shaka: mfupa ulioliwa, utando wake umeinuliwa pembeni. Nawasihi wazazi wasipeleke uvimbe wa namna hiyo kukandwa kwa mafuta. Mkandaji anaweza kuwa mtu mwema, lakini mikono yake haina uwezo wa kuutambua ugonjwa huo, na muda unaopotea kwake haurudi.

Kwa nchi yetu kuna nyongeza. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu. Kwao goti linalouma laweza kuwa mfupa uliokosa damu au mfupa ulioingiwa na wadudu, na eksirei ya siku za mwanzo huwa kimya katika hali zote mbili. Mabadiliko ya mfupa huchukua siku 10 hadi 14 kuonekana. Homa, vipimo vya damu na altrasaundi ya kutafuta usaha visisubiri filamu ibadilike.

Msomaji anaweza kuuliza kama basi kila goti lipigwe picha. Hapana. Ian Stiell na wenzake wa Ottawa walitoa mwaka 1995 kanuni ambazo zimejaribiwa kwa watoto pia. Eksirei inahitajika mtu aliyeumia asipoweza kutembea hatua nne, asipoweza kukunja goti hadi nyuzi 90, au akiumia ukibonyeza pia yenyewe au kichwa cha mfupa mwembamba wa nje. Kwa mtoto mdogo asiyejieleza, au anayeumia palipo na gegedu la ukuaji, ningeipiga hata kanuni zikikataa.

Tena, karatasi ya ombi isiandikwe "eksirei ya goti" tu. Iandikwe umri, mchezo, namna alivyoumia, saa alizokaa kabla ya kuvimba, mahali kidole kinapouma, na kile unachohofia. Maneno hayo hayaongezi gharama hata shilingi moja. Daktari wa radiolojia aliyeyapata atautazama ukingo wa nje wa muundi kwa mara ya pili.

Mwalimu unayepeleka timu kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA au UMISETA, na mzazi unayemsubiri kijana nyumbani: ukipewa jibu kwamba picha ni safi, muulize daktari swali moja kabla ya kuondoka. Amepima nyonga? Kisha mwangalie mtoto wako akijaribu kuunyanyua mguu ulionyooka. Akishindwa, usiondoke hospitalini.